Mninga, saruji au faiba? Kuchagua kibao cha kuchonga kwa duka lako Tabora

Mama mmoja muuza asali wa Isevya alinijia mwezi wa sita na karatasi ya daftari. Alikuwa amechora mzinga wa gogo unaoning'inia tawini, nyuki watatu wakubwa, na jina la duka chini yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kazi yenyewe ndiyo hii. Bango la turubai nimelichoka, jua limelila kabla mwaka haujaisha. Nataka kitu kilichochomoza, mtoto akipita akiguse. Sasa uniambie, tufanye kwa mti au kwa saruji? Na huyu kijana wangu ananiambia kuna faiba."

Nikamuuliza kitakaa wapi. Hilo ndilo swali ninalomuuliza kila mteja kabla hatujazungumza bei, kwa sababu hakuna malighafi inayozishinda nyingine kila mahali. Mninga unaodumu miaka mingi barazani huchakaa upesi ukisimamishwa kando ya barabara bila paa. Saruji isiyotikisika ardhini ni hatari kubwa ikitundikwa juu ya mlango. Niliyomweleza mama yule siku hiyo nayaandika hapa kwa kirefu, maana maswali yake nayasikia Kanyenye, Ipuli, Ng'ambo, na nikipata kazi Kigoma nayasikia Mwanga na Ujiji vilevile.

Anza na mizani

Chukua kibao cha mita moja kwa mita moja. Ukikifanya kwa mninga wa unene wa sentimita 5, kitakuwa na kilo kama 32, kwa kuwa mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina kilo 600 hadi 650 hivi. Ukikifanya kwa saruji na mchanga juu ya wavu, unene wa sentimita 3, utafika kilo 65. Bati la chuma la milimita 2 ni karibu kilo 16 kabla ya fremu. Lile boksi jeupe jepesi wanalofungia televisheni, likiwa na unene wa sentimita 10 na kuvikwa mikeka mitatu ya faiba, yaani nyuzi za kioo zinazogandishwa kwa gundi ya rezini, lina kilo 6 hadi 8 tu.

Namba hizi peke yake zinaondoa nusu ya ubishi. Kitu cha kilo 65 kwa kila mita ya mraba hakitundikwi kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma uliojengwa kwa udongo, na nyumba nyingi za zamani hapa mjini zimejengwa hivyo. Mtu akinisisitizia saruji juu ya mlango wa nyumba ya namna hiyo, kazi siichukui, kwa sababu chini ya mlango kuna watu.

Mninga

Tabora ni nchi ya miombo, na mninga ni mti wa kwetu. Sifa anayoihitaji mchongaji wa vibao kuliko ule wekundu wake mzuri ni kwamba ukishakauka hauchezi sana. Mbao inayocheza, inayovimba masika na kusinyaa kiangazi, hupasua gundi na kuachanisha maungio. Hapa kwetu mvua zinaanza Novemba hivi na kuishia Aprili, kisha miezi sita ni ukavu mtupu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kwa mbao isiyotulia. Mninga unaivumilia.

Kiini chake, ile sehemu ya kahawia nyekundu, mchwa hawakipendi. Sehemu nyeupe ya nje iliyo karibu na gamba ni habari nyingine. Mwaka wangu wa pili wa kazi niliacha ukanda mweupe wa upana wa vidole viwili kwenye kibao cha mgahawa mmoja, kwa kuwa nilitaka kuokoa mbao na macho yaliona ile rangi mbili inapendeza. Masika yaliyofuata mwenye mgahawa aliniita: unga laini ulikuwa unadondoka juu ya meza. Wadudu walikuwa wameula ule ukanda wote na kuacha ngozi ya rangi juu. Nilikishusha, nikakifanya upya kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo weupe wote nauondoa hata ukinipunguzia robo ya mbao.

Kwa hiyo ukienda kuagiza, angalia mbao yenyewe kabla fundi hajaigusa. Iwe kiini kitupu. Iwe imekauka: kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kivulini kwa kila inchi ya unene, na ingawa wachache wanasubiri hivyo, mbao iliyopasuliwa mwezi uliopita usikubali. Inunuliwe kwa muuzaji mwenye risiti, mbao zenye alama ya nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mninga umekatwa sana. Fundi anayekuletea mbao za usiku anakuuzia kesi pamoja na kibao.

Kibao kipana hakitoki kwenye ubao mmoja. Unaunganisha mbao za upana usiozidi sentimita 15 kila moja, nyuzi zikilala kwa mlalo, na nyuma unatia mikanda miwili ya kushikilia. Hapa ndipo vibao vingi vinapoharibiwa. Fundi anaikaza mikanda kwa skrubu kwenye matundu ya duara, mbao zinataka kusogea, skrubu zinakataa, kibao kinapasuka katikati ya jina. Matundu ya mikanda yawe marefu kidogo, ya mchirizo, skrubu ipite na washa, kile kipete bapa cha chuma, ili mbao ipate nafasi ya kupumua bila kuachia. Mwulize fundi wako swali hilo moja. Akikuelewa haraka, umepata fundi.

Halafu kuna uchongaji wenyewe, na aina zake ni mbili. Herufi za kuchimba huingia ndani ya mbao kwa mfereji wenye umbo la V. Patasi tu inatosha, na ni za bei nafuu. Herufi za kuinua hubaki juu wakati uwanja wote unaozizunguka unashushwa milimita 8 hadi 10; kazi yake ni mara mbili au tatu. Mimi napenda za kuinua kwa kibao cha nje, na si kwa urembo peke yake. Mfereji wa herufi ya kuchimba una ukingo wa chini, maji hutuama pale, vumbi la Tabora likajaa, na rangi huanza kubanduka hapo hapo. Herufi ya kuinua yenye mgongo uliolazwa kidogo hutiririsha maji. Ukipenda za kuchimba, kibao kiwe chini ya paa.

Kuhusu kupaka: vanishi ya kung'aa inayoonyesha mbao ndiyo wateja wanaipenda, na juani ndiyo inayowaangusha. Miale ya jua hupita ndani yake, ikachoma uso wa mbao chini, vanishi ikabanduka kama ngozi ya nyoka, na kuitoa yote ili upake upya ni kazi ya siku nzima ya msasa. Mafuta ya kitani yaliyochemshwa hayang'ai hivyo, lakini hayabanduki; unafuta vumbi, unapaka tena, umemaliza. Vitambaa ulivyopakia usivikunje na kuvitupa kona ya karakana. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye ndoo ya maji. Na anayeupiga mninga msasa afunge pua na mdomo, vumbi lake linakaba kifua.

Saruji juu ya wavu

Wengi wakisikia kibao cha saruji wanafikiria ukuta uliopigwa plasta na kuandikwa kwa brashi. Ninachosema ni kitu kingine: unasuka mifupa ya nondo nyembamba, unaivika wavu wa kuku tabaka kadhaa, unaufunga kwa waya, kisha unashindilia saruji na mchanga mpaka wavu umezwe. Si jambo geni duniani. Mfaransa Joseph-Louis Lambot alitengeneza mashua kwa njia hiyo mwaka 1848. Chombo kinachoelea kwa saruji kinakuonyesha jinsi ganda jembamba lenye wavu ndani linavyoweza kuwa imara.

Uzuri wake kwa mchongaji ni kwamba unapata umbo lolote. Mzinga wa duara, samaki, mbuyu, kichwa cha ng'ombe mwenye pembe, vyote unavizungushia wavu, mtu akavitazama pande zote nne. Mninga kwa kawaida utakupa uso mmoja uliochomoza kidogo. Ukitaka umbo zima la duara unahitaji gogo, na gogo zima hupasuka likikauka.

Mchanganyiko ni saruji moja kwa mchanga mbili, mchanga wa mto uliochekechwa, na maji machache: kama lita 20 kwa mfuko mmoja wa kilo 50. Ukipiga hesabu, mfuko mmoja unakupa mita 2.5 za mraba hivi kwa unene wa sentimita 3. Kwa hiyo saruji yenyewe si gharama kubwa. Gharama ni wavu, nondo, na siku za fundi.

Tabaka la kwanza linashindiliwa ndani ya wavu na kukwaruzwa. La pili ndilo la kuchonga. Ukishalipaka unasubiri saa chache liwe gumu kama jibini, halafu unaingia na kisu, kijiko, msumari, mswaki wa zamani. Magamba ya samaki, nyuzi za gogo, manyoya ya nyuki, yote yanachorwa katika muda huo mfupi. Mwezi wa kumi hapa kwetu muda huo unazidi kufupika, upepo mkavu unanyonya maji kabla hujamaliza jicho moja. Fanya kazi kivulini, vipande vidogo vidogo, na glavu mkononi, maana saruji mbichi inaunguza ngozi.

Kisha magunia yaliyoloweshwa na nailoni juu, siku 7 kwa uchache, 14 ni bora. Hapa ndipo mteja anapopoteza subira. Anaona umbo limesimama, anauliza kwa nini halipakwi rangi. Nakumbuka kazi moja ya duka la pembejeo ambapo nilikubali kushinikizwa nikapaka rangi ya mafuta wiki ya pili, kwa kuwa ufunguzi ulikuwa Jumamosi. Ndani ya miezi mitatu rangi ilikuwa laini kama sabuni ukiigusa kwa ukucha, na ndivyo ilivyokuwa hasa: saruji mbichi ina magadi, magadi yakikutana na mafuta ya rangi yanayageuza kuwa sabuni. Subiri siku 28, na tumia rangi ya maji ya nje. Au changanya oksaidi, ile poda nyekundu ya sakafu, ndani ya tabaka la mwisho, isizidi asilimia kumi ya uzito wa saruji. Oksaidi haipauki kwa jua. Rangi za dukani nyekundu kali na njano za bei ya chini ndizo zinazopauka kwanza.

Adui wa saruji ni kutu. Wavu ukichungulia nje hata mahali padogo, maji yanaingia, chuma kinavimba, ganda linapasuka kutoka ndani. Dai wavu uliopakwa zinki, na siku ya kukabidhiwa kazi zunguka nyuma yake, upapase kwa mkono.

Vikiwekwa bega kwa bega

Mninga unatengenezeka. Herufi ikivunjika naikata, nabandika kipande, napiga patasi, huoni kiraka. Saruji ikimeguka pua ya simba, kiraka kitaonekana mpaka upake rangi kote. Kwa upande mwingine mninga unadai mkono wako kila mwaka, saruji iliyofanywa vizuri unaiosha kwa maji na kuiacha.

Muda: mninga, mbao ikiwa kavu tayari, wiki mbili. Saruji, pamoja na kusubiri, mwezi na nusu. Mwenye haraka asiguse saruji.

Lililo zito kuliko yote katika ulinganisho huu watu hawalifikirii: saruji haihami. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inaweka hifadhi ya mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu na za mkoa kila upande, na sote tumeona kuta zikipigwa alama ya X nyekundu. Kibao cha mninga unakifungua bolti nne unaondoka nacho, na hata ukihama nyumba ya kupanga unahama na jina lako. Kibao cha saruji utakiacha au utakivunja. Kabla ya kuchimba msingi, uliza ofisi ya TANROADS au TARURA kulingana na barabara yenyewe, na uliza halmashauri kuhusu kibali na ada ya tangazo. Kama wewe ni mpangaji, mimi kwangu jibu limekwisha kupatikana: mninga.

Faiba, na viwili vingine kwa kifupi

Kijana wa mama muuza asali hakukosea. Faiba ni nyepesi, hailiwi na mchwa, haina kutu, na kwa kitu kikubwa kinachokaa juu ndiyo pekee ninayoiamini. Kigoma nilishiriki kazi ya samaki wa mita tatu juu ya paa la nyumba ya wageni inayotazama ziwa. Kwa saruji paa lingekuja chini, kwa mninga tungemaliza mti mzima.

Ila kuna mtego. Rezini ya kawaida ya poliesta huyeyusha lile boksi jeupe. Unachonga samaki siku tatu, unampaka rezini, anazama mbele ya macho yako. Inatakiwa rezini ya epoksi, ambayo ni ghali zaidi, au boksi livikwe kwanza kwa kizuizi kinachofunika kila tundu. Vifaa kwetu vinatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na mafundi walioizoea ni wachache. Fundi akikuahidi faiba, mwombe akuonyeshe kazi yake iliyokwisha kukaa nje miaka miwili.

Chuma cha kukata kwa moto, herufi zikasimamishwa mbele ya ukuta kwa vijiti vya sentimita 3, kinaleta kivuli kizuri sana na upepo unapita katikati. Kwa gereji au duka la vifaa vya ujenzi kinafaa. Kwa duka la asali kinaonekana kigumu mno. Turubai lililochapwa ni la tangazo la miezi, si la jina la duka.

Kivuli ndicho kinachosoma herufi

Herufi iliyochongwa unaiona kwa kivuli chake. Tabora na Kigoma zote ziko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri linapita utosini mapema Machi na mapema Oktoba. Kati ya miezi hiyo, yaani kiangazi chetu chote, jua liko upande wa kaskazini. Mwezi wa sita limeinama nyuzi kama 28.

Kibao kinachotazama kaskazini kiangazi kinapigwa na mwanga unaoteremka kutoka juu, kila herufi inaangusha kivuli chini yake, na unaweza kuacha mbao bila rangi ikasomeka. Kinachotazama kusini katika miezi hiyo hakipati jua la moja kwa moja kabisa. Uchongaji wa milimita 8 unapotea, unabaki uwanja wa kahawia. Hapo unahitaji kina zaidi, milimita 15 au 20, na uwanja mweusi dhidi ya herufi nyeupe. Kinachotazama mashariki kinasomeka vizuri tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri. Ni jambo dogo, na sijapata mteja aliyeniuliza, lakini nimeona kazi mbili za fundi yuleyule, moja ikimeta na nyingine ikiwa imezimika, tofauti ikiwa ni upande wa barabara tu.

Kuhusu ukubwa, kanuni inayotumika ni sentimita 2.5 za urefu wa herufi kwa kila mita 3 za umbali. Herufi za sentimita 10 zinasomwa vizuri kutoka mita 12. Bodaboda inayokwenda kilomita 50 kwa saa inazimaliza mita hizo chini ya sekunde moja. Basi punguza maneno. Namba tatu za simu na orodha ya bidhaa viwekwe mlangoni.

Nguzo

Upepo wa kilomita 100 kwa saa, wa aina inayotangulia mvua za kwanza, unasukuma karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kibao bapa huzidi kidogo. Kibao cha mita 2 kwa 1.5 kinapokea uzito wa watu wawili wazima wanaokiegemea. Nguzo moja katikati itajinyonga. Weka bomba mbili za chuma, robo hadi theluthi ya urefu wake ardhini, kwenye zege. Nguzo ya mti usiizike kwenye zege: maji hukaa mle ndani kama kwenye kikombe na mti huoza shingoni. Tia chuma kwenye zege, ukafunge mti juu yake kwa bolti.

Tulivyoamua

Duka la mama ni la kupanga, lina baraza pana, na linatazama kusini. Saruji ikatoka kwa sababu ya upangaji, faiba ikatoka kwa sababu kibao kilikuwa cha mita moja na nusu tu na si cha paani. Tulichukua mninga, herufi za kuinua kwa kina cha milimita 18, uwanja tukaupaka mweusi usiong'aa, jina likawa na rangi ya maziwa. Mzinga niliuchonga nusu duara kwa kuunganisha mbao tatu nene, nikauacha na rangi yake ya asili. Nyuki wawili wako ndani ya uwanja, wa tatu amevuka ukingo kama anayetoka nje, na kwa kuwa yeye ndiye atakayeguswa sana, nyuma yake nimepitisha skrubu mbili badala ya kutegemea gundi.

"Mafuta lini, mwanangu?"

"Mwezi wa kumi katikati, mama, kabla ya mvua. Nitakuja mwenyewe mara ya kwanza uone inavyofanywa, mwakani kijana wako ataweza."

Akaiandika kwenye kalenda ya ukutani, juu ya ndoo za asali.